Nanga ya San Francisco: Kiwanda Kipendwacho na Wengi ni Mali ya Nani?

Katika mji wa San Francisco, kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, palikuwa na kiwanda cha bia kilichojulikana kwa jina la Anchor, yaani Nanga. Kilipewa jina hilo mwaka 1896. Kiliteketea katika moto uliofuata tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1906, kikajengwa upya. Kilifungwa kwa sheria ya marufuku ya pombe iliyoanza mwaka 1920, kikafunguliwa tena marufuku ilipoondolewa mwaka 1933. Lakini tarehe 12 Julai 2023, bila ya tetemeko wala moto wala marufuku, wamiliki wake walitangaza kwamba kiwanda kinafungwa na mali yake itafilisiwa. Kabla ya siku hiyo, kwa muda wa miaka sita, wapenzi wa kiwanda hicho walikuwa wakibishana usiku na mchana juu ya njia kinayoelekea.

Huenda ndugu msomaji akauliza: bia ya Marekani inatuhusu nini sisi watu wa visiwani, ambao walio wengi miongoni mwetu hawaionji wala hawana haja nayo? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Hatuandiki kuisifu bia, wala hatuandiki kuilaumu. Twaandika juu ya kiwanda, juu ya watu waliokifanyia kazi, watu waliokipenda na watu waliokimiliki. Mjadala uliozuka San Francisco ni mjadala ambao kila nchi yenye mali ya kuuza itaukuta mlangoni pake siku moja. Badala ya bia msomaji aweza kuweka mafuta ya nazi, sabuni, meli au hoteli. Hesabu ni ile ile.

Kwanza yafaa tueleze asili ya jambo.

Mwaka 1965 kiwanda cha Nanga kilikuwa mahututi. Vyombo vyake vilikuwa vichakavu, bia yake mara nyingi ilichacha kabla ya kumfikia mnywaji, na wenyewe walikuwa karibu kufunga milango. Kijana mmoja aliyeitwa Fritz Maytag, wa ukoo uliotajirika kwa mashine za kufulia nguo, alisikia habari hizo akanunua hisa 51 katika kila mia. Mwaka 1969 akawa mmiliki pekee.

Alilolifanya Maytag lilikwenda kinyume na upepo wa zama zake. Wakati ule makampuni makubwa ya bia ya Marekani yalikuwa yakiyameza madogo, na bia zao zilikuwa zikifanana kama pacha, nyingi zikitengenezwa kwa shayiri iliyochanganywa na mchele au mahindi. Yeye akarudi kwenye shayiri tupu. Akaishika bia ya kienyeji ya California iitwayo bia ya mvuke, ambayo hutumia hamira ya bia za baridi lakini huachwa ichachuke katika joto la kawaida, ndani ya vyombo vipana vya wazi visivyo na kina. Njia hiyo ilizuka huko katika karne ya 19, wakati barafu ilipokuwa adimu. Mwaka 1971 alianza kuitia bia yake chupani. Mwaka 1975 alitoa bia aliyoiita Liberty kuadhimisha miaka 200 ya mapambano ya uhuru wa Marekani, na kuanzia mwaka huo huo akawa anatoa kila Krismasi bia maalumu yenye picha ya mti mwingine kwenye lebo. Kwa miaka mingi lebo hizo zilichorwa kwa mkono na msanii Jim Stitt. Mwaka 1979 kiwanda kilihamia kilimani Potrero, katika jengo lililokuwa zamani la kukaangia kahawa, na mitungi yake mikubwa ya shaba ikawa kitu cha kwenda kutazamwa na wageni.

Tena Maytag hakuwa mchoyo wa elimu. Jack McAuliffe alifika kiwandani hapo, akavutiwa na alichokiona, na mwaka 1976 akafungua kiwanda chake kidogo cha New Albion huko Sonoma. Ken Grossman naye alifika kutazama, na mwaka 1980 akafungua Sierra Nevada katika mji wa Chico. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya bia katika Marekani nzima vilikuwa havifiki mia moja. Ilipofika mwaka 2023 vilikuwa vimepita 9,000, na vilivyo vingi vilikuwa vidogo, vya mtaani, vyenye fundi wake na wateja wake. Si uongo kusema kwamba Nanga ndiyo iliyofungua mlango huo. Kwa ajili hiyo mashabiki wa bia za namna hiyo walikiheshimu kiwanda hicho kama wanafunzi wanavyoiheshimu skuli yao ya kwanza.

Na Maytag hakupenda kukikuza kiwanda kupita kiasi. Mwaka 1992 alikaribia kuuza hisa kwa watu wote ili apate fedha za upanuzi, kisha akaghairi. Aliona kwamba kiwanda kikubwa kisingekuwa tena kile alichokipenda.

Basi mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 72, Maytag alikiuza kiwanda kwa wafanyabiashara wawili, Keith Greggor na Tony Foglio, ambao kabla ya hapo walishughulika na biashara ya vodka. Hawa walikuwa na hamu ya kukuza. Mwaka 2013 walitangaza mpango wa kujenga kiwanda kikubwa zaidi bandarini, kwenye Gati namba 48. Mpango huo haukutimia. Mwaka 2017 nao wakakiuza kwa kampuni ya Sapporo ya Japani.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza kuwa mkali, na makundi yakajitokeza.

Kundi la kwanza lilisema kwamba kiwanda kimeuza roho yake. Kwa watu hawa, bia ya kienyeji ni ile ambayo mwenyewe yupo mjini, anaonekana njiani, na faida yake inabaki hapo hapo. Walikuwa na hoja yenye uzito. Hata chama cha wenye viwanda vidogo vya bia vya Marekani kimeweka kanuni kwamba kiwanda hakihesabiwi kuwa kimoja wao ikiwa robo yake au zaidi inamilikiwa na kampuni ya pombe isiyokuwa ya namna yao. Kwa kanuni hiyo, siku Sapporo ilipotia saini, mwanzilishi wa harakati alitoka nje ya harakati aliyoianzisha.

Kundi la pili liliwacheka wa kwanza. Lilisema bia ni bia. Ikiwa shayiri ni ile ile, hamira ni ile ile na mafundi ni wale wale, mnywaji ana haja gani na jina la mwenye hisa? Biashara isiyobadilika hufa, walisema, na kampuni kubwa yaweza kuleta fedha za mashine mpya na njia za kufikisha bidhaa mbali. Hawa nao hawakuwa wajinga. Chama kile kile tulichokitaja kilipandisha kiwango cha ukubwa wa kiwanda kidogo kutoka mapipa milioni mbili kwa mwaka hadi milioni sita, baada ya mmoja wa wanachama wake wakuu, Boston Beer, kukikaribia kile cha zamani. Mipaka ya usafi ikiwa inasogezwa namna hiyo, ni vigumu kumlaumu mtu anayesema kwamba maneno hayo ni ya kuuzia tu.

Kundi la tatu, ambalo sauti yake ilisikika kidogo mwanzoni, lilikuwa la wafanyakazi. Wao hawakubishana juu ya roho. Walizungumza juu ya mishahara isiyolingana na kodi za nyumba za San Francisco, na juu ya hali za kazi. Mwezi Machi 2019 walipiga kura, 31 kwa 16, kujiunga na chama cha wafanyakazi wa bandari na maghala cha pwani hiyo, chama kilichozaliwa na mgomo mkubwa wa makuli wa mwaka 1934. Watu wa visiwani wanaoujua mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948 hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mwisho wa mwaka 2019 wafanyakazi wa Nanga walipata mkataba wao wa kwanza.

Mwezi Januari 2021 wamiliki walibadili lebo. Nanga ya zamani iliyochorwa kwa mkono, pamoja na mashuke yake ya shayiri, ikaondolewa, ikaja michoro mipya yenye rangi kali. Kampuni ilieleza kwamba bia yenyewe haikuguswa, na kwamba lebo ya zamani haikuwa ikionekana vizuri dukani. Walakini ghadhabu iliyozuka ilikuwa kubwa kuliko ile ya mwaka 2017. Watu ambao hawakusema neno kiwanda kilipouzwa walipiga kelele picha ilipobadilishwa.

Hapa twapenda tusimame kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha makala haya.

Sisi twaona kwamba mjadala huo, pamoja na ukweli wote uliokuwamo ndani yake, ulikuja umechelewa miaka kumi na moja. Siku ya kuuliza kiwanda kinakwenda wapi haikuwa ile ya mwaka 2021 lebo zilipobadilishwa, wala ile ya mwaka 2017 Wajapani walipofika. Ilikuwa mwaka 2010. Siku hiyo mali iliyokuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyeipenda ilihamia mikononi mwa watu ambao kwao ilikuwa mali ya kukuzwa na kuuzwa tena. Matukio yaliyofuata yalionyesha kwamba hapakubaki kitu chochote cha kumzuia mnunuzi wa mwisho: si mfuko wa amana, si hisa za wafanyakazi, si hisa ya mji. Baharia hujua kwamba nanga peke yake haikizuii chombo. Kinachozuia ni amari iliyoifunga nanga na chombo. San Francisco walibaki na picha ya nanga kwenye chupa, na amari ilikuwa imekwisha kukatwa zamani.

Hatusemi haya kwa kumlaumu Maytag. Mtu aliyekitoa kiwanda kaburini na kukitumikia kwa miaka 45 ana haki ya kupumzika, na mali ilikuwa yake. Tunachosema ni kwamba mashabiki walifanya kosa ambalo watu wengi hufanya: walidhani kwamba kukipenda kitu ni aina ya kukimiliki. Sivyo. Mapenzi hayampi mtu kura katika mkutano wa wenye hisa. Mwenye hisa husikiliza kelele za wapenzi kama mwenye nyumba anavyosikiliza ushauri wa wapita njia. Aweza kuufuata, aweza kuuacha.

Tena haki yataka tuseme na upande wa pili. Wapenzi wenyewe walikuwa wamekwisha kupungua. Wamiliki walipotangaza kufunga walitaja madhara ya maradhi ya Korona, kupanda kwa gharama, na ushindani mkubwa wa soko. Na mauzo yalikuwa yameanza kushuka hata kabla ya Korona. Vijana waliofundishwa na Nanga kutafuta ladha mpya walikwenda kuitafuta kwa wale 9,000 wengine. Mwezi Juni 2023, kampuni ilipotangaza kwamba haitauza tena nje ya California na kwamba bia ya Krismasi haitatengenezwa tena, watu walisikitika. Mwezi uliofuata, kufungwa kulipotangazwa, mistari mirefu ya watu ilijipanga mbele ya baraza la kiwanda kununua chupa za mwisho za kumbukumbu. Laiti mistari ile ingejipanga mwaka 2019! Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mwananchi anayetaka cha kwao kiishi hana budi kukinunua wakati kingali hai.

Upande wa wafanyakazi ndio uliotugusa zaidi. Walipewa taarifa ya siku 60. Badala ya kulia tu, waliandika barua kwa wamiliki wakiomba wapewe nafasi ya kukinunua kiwanda na kukiendesha kwa njia ya ushirika, wakaanza na kuchangisha fedha. Hawakufanikiwa. Kufilisi kuna mwendo wake, na mwendo huo haumngojei mtu anayekusanya senti kwa senti. Wafanyakazi walikuwa na ujuzi, walikuwa na chama, walikuwa na huruma ya mji mzima. Wakati ndio waliokosa. Ushirika ambao ungeweza kujengwa polepole kwa miaka kumi hauwezi kujengwa kwa siku 60.

Mwezi Mei 2024 mnunuzi alipatikana: Hamdi Ulukaya, Mkurdi aliyezaliwa Uturuki, aliyetajirika nchini Marekani kwa kiwanda chake cha mtindi cha Chobani. Alinunua jina, jengo na vyombo, akasema nia yake ni kukifufua. Huyu mwaka 2016 aliwagawia wafanyakazi wake wa mtindi sehemu ya hisa, na kwa hiyo wengi waliipokea habari yake kwa matumaini. Sisi twamtakia kheri, lakini msomaji atazame jambo moja. Mwaka 1965 kiwanda kiliokolewa na tajiri mwenye moyo mwema, na mwaka 2024 kikaangukia tena kwa tajiri anayesemwa kuwa na moyo mwema. Kati ya miaka hiyo 59, mji wa San Francisco haukupata njia nyingine ya kukilinda kitu chake isipokuwa kungojea tajiri mwema apite. Bahati si mpango.

Basi je, dawa ni kuwapa wafanyakazi hisa? Wengi wa wenzetu watajibu upesi: naam. Sisi nasi twapenda kusema naam, ila kuna habari nyingine ambayo hatuna ruhusa ya kuificha. Katika jimbo la Colorado kuna kiwanda kiitwacho New Belgium, kilichoanzishwa mwaka 1991. Kuanzia mwisho wa mwaka 2012 kilikuwa mali ya wafanyakazi wake kwa asilimia mia moja, na kilisifiwa kuwa mfano wa kuigwa. Mwaka 2019 kikauzwa kwa kampuni ya kundi la Kirin, Wajapani wengine. Nani aliyekiuza? Wafanyakazi wenyewe walipiga kura wakakubali, kwa sababu hisa zao zilikuwa ndiyo akiba yao ya uzeeni, na bei iliyotolewa ilikuwa nzuri. Hatuwezi kumlaumu mtu anayeitazama akiba ya wanawe. Mwaka 2023 wamiliki wapya wakabadili namna ya kutengeneza bia yao mashuhuri, Fat Tire, pamoja na lebo yake, na mashabiki wakaanza ubishi ule ule upya. Hapo twajifunza kwamba hisa mikononi mwa wafanyakazi ni jambo jema, lakini hisa inayoweza kuuzwa kwa yeyote itauzwa siku moja kwa atakayetoa bei kubwa.

Mfano wa amari yenyewe twaupata kwingine. Mwaka 1876 J. C. Jacobsen, mwenye kiwanda cha Carlsberg huko Kopenhageni, Denmaki, aliunda mfuko wa amana chini ya jumuiya ya wanachuoni wa nchi yake, na baada ya kufa kwake mwaka 1887 kiwanda kikawa mali ya mfuko huo. Kanuni za mfuko ziliulazimisha kubaki na sehemu kubwa ya kampuni. Mwaka 2007 kanuni hiyo ilibadilishwa ili kampuni iweze kukua, lakini hata hapo mfuko uliendelea kuwa na wingi wa kura. Faida imekuwa ikigharimia sayansi na sanaa. Katika maabara ya kiwanda hicho Emil Christian Hansen aliitenga hamira safi mwaka 1883, na ujuzi huo ukatolewa kwa wote; humo humo mwaka 1909 Sørensen alibuni kipimo cha ukali na uchungu wa maji ambacho wanafunzi wa kemia wanakitumia hadi leo. Hatusemi Carlsberg ni malaika. Lenyewe ni jitu, na limewameza wadogo wengi. Lakini hapana mtu wa mbali anayeweza kufika Kopenhageni na mfuko wa fedha akaondoka nalo. Aliyelianzisha alifikiri juu ya siku ya kufa kwake angali hai, akaandika.

Nasi tusijione tuko mbali na mambo haya. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, kampuni ya bia ya Tanzania ilikuwa miongoni mwa zile ambazo Serikali iliamua kuchukua sehemu kubwa ya hisa zake. Mwaka 1993 nusu ya kampuni hiyo iliuzwa kwa kampuni kubwa ya bia ya Afrika Kusini. Mwaka 1998 hisa zake ziliingizwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka 2016 kampuni hiyo ya Afrika Kusini, ambayo kwa wakati ule ilikuwa imekwisha kuhamishia makao yake London, ilinunuliwa yote na AB InBev ya Ubelgiji. Msomaji ataona ajabu akijua kwamba AB InBev hiyo hiyo ndiyo iliyokinunua, mwaka 2011, kiwanda cha Goose Island cha Chicago, ambacho nacho kilikuwa cha waanzilishi, na ambacho mashabiki wake nao walilalama kama wale wa San Francisco. Mnywaji wa Chicago na mfanyakazi wa Dar es Salaam wakajikuta chini ya bwana mmoja, bila ya yeyote kati yao kuulizwa.

Haki yataka tuseme pia kwamba kabla ya mwaka 1993 mambo hayakuwa ya kujivunia. Waliokuwepo wanaikumbuka mistari ya miaka ya 1980, ya sukari, ya sabuni, na kwa waliokuwa wakinywa, ya bia. Kampuni ya umma isiyotengeneza kitu wala kutoa hesabu haina faida kwa umma huo. Kwa hiyo hatusemi kwamba kuuza ni dhambi. Kuuza kwaweza kuwa lazima, na kwaweza kuwa na manufaa. Tunalosema ni kwamba kuuza ni tendo la siku moja ambalo huamua mambo ya miaka hamsini, na kwamba siku hiyo ndiyo siku ya kusema.

Ndugu zetu wenye dhamana ya kutia saini, haya ndiyo tunayopenda myafikirie.

La kwanza, tazameni mnunuzi wa pili kabla ya kumkubali wa kwanza. Mnunuzi wa kwanza huja na maneno matamu na pengine ana nia njema kweli. Lakini mkataba uulize: akichoka, akifa au akipata bei nzuri, atamuuzia nani, na je, sisi tutakuwa na haki ya kuombwa kwanza? San Francisco iliuzwa mara mbili katika miaka saba, na mara ya pili ndiyo iliyoua.

La pili, wafanyakazi wapewe nafasi mapema. Haki ya wafanyakazi kukinunua kiwanda chao iandikwe kingali na afya, pamoja na muda wa kutosha wa kutafuta fedha. Kuwapa haki hiyo kiwanda kinapokata roho ni kumpa mtu kasia chombo kikiwa kimekwisha kuzama.

La tatu, jina, alama na ujuzi vihesabiwe kuwa mali. Watu wa Nanga waliona jinsi picha moja tu ya kwenye lebo ilivyokuwa na thamani mioyoni mwa watu, lakini thamani hiyo ilikuwa katika daftari la mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijiji chenye bidhaa inayojulikana kwa jina la kijiji hicho, na kisiwa chenye bidhaa inayojulikana kwa jina la kisiwa hicho, viulize jina hilo limeandikishwa na nani, na kwa faida ya nani.

Na kwa wananchi wenzetu twasema hivi. Kubishana barazani juu ya kitu tunachokipenda ni jambo jema, maana kitu kisichobishaniwa ni kitu kisichojaliwa. Lakini tusingoje mpaka rangi ya lebo ibadilike ndipo tuamke. Tuulize mapema nani anamiliki, kwa masharti gani, na kwa muda gani. Tuulize wakati mkataba ungali mezani na wino haujakauka, na tukishakuulizia kitu hicho, twende tukakinunue.

Wapenzi wa Nanga walikuwa wengi, walikuwa wasomi, na walikuwa na sauti. Hawakukosa chochote isipokuwa mahali pa kuipeleka sauti hiyo wakati ilipokuwa na kazi ya kufanya. Sisi tusije tukakosa mahali hapo.